MikroTik hAP lite: speed ya kawaida kabisa, ila printa haipotei tena

Naanza na baya ili tusipotezeane muda. Hii hAP lite haitakuongezea speed ya intaneti hata chembe. Matundu yake ya waya yanaishia megabiti 100 kwa sekunde, Wi-Fi ni 2.4GHz peke yake, prosesa 650MHz, RAM megabaiti 32, yani ukisoma boksi tu unaweza kuirudisha dukani. Na bado kwa kazi zangu ndo rauta bora kuliko zote nilizowahi kuweka kwenye fremu, kwa sababu ambayo wauzaji wengi hata hawaitaji: inakuachia wewe uamue kila kifaa kinakaa namba gani na kinaitwa nani, halafu inakumbuka.

Mi nina steshenari huku Mbeya, upande wa Iyunga, njia ya wanachuo wa MUST. Kazi ni zile zile, kuprinti ripoti za fildi, kubaindi, kuskani vyeti, kujaza watu fomu mtandaoni. Kuna printa kubwa ya leza ya netiwaki, kompyuta mbili za Windows, mashine ya kurekodi kamera, na simu yangu ambayo ndo inapokea mafaili ya WhatsApp. Intaneti tunapata kwa kampuni ambayo siitaji, wanakuletea kiboksi chao, wanabandika stika ya jina la Wi-Fi na paswedi, basi. Ukitaka kuingia ndani ya setingi unakuta ukurasa wa mtumiaji wa kawaida, vitu vya maana vimefungwa, ukiwapigia wanakuuliza kama intaneti inafanya kazi. Inafanya. Sio hilo tatizo.

Tatizo ni hivi. Msimu wa mvua huku kwetu kuanzia Novemba mpaka Aprili radi zinapiga Loleza na umeme unakata unarudi unakata tena, na kila ukirudi printa imepotea. Wi-Fi imejaa, YouTube inacheza vizuri tu, lakini kompyuta inakwambia printa iko ofulaini wakati printa hiyo hapo imewaka taa ya kijani inakuangalia. Mteja amesimama na flashi mkononi, ana prizentesheni saa nne. Watu wengi hapo wanaanza kuapdeti draiva, wanafuta printa wanaiweka upya, inakubali, wanafurahi, kesho umeme ukikata wanarudi pale pale. Hata mafundi nimewaona wanafanya hivo na kuondoka na hela yao.

Draiva haina kosa. Kila kifaa kikiwaka kinaomba anwani kwa rauta, yani namba ya IP ya kukitambulisha kwenye netiwaki, hiyo huduma ya kugawa namba ndo inaitwa DHCP, na rauta nyingi za bei nafuu zikizimika zinasahau nani alikuwa na anwani ipi. Ni kama gesti za pale Kabwe, ukitoka bila kulipia ya kesho chumba chako anapewa aliyewahi. Printa ya leza inachukua muda kuamka, simu za wanachuo ziko hewani muda wote, zinawahi, kwa hiyo printa iliyokuwa inaishia na 23 inaamka na kupewa 31. Kompyuta yenyewe iliandikiwa itume kazi kwenye 23. Inatuma. Huko 23 saivi kuna simu ya mtu anayesubiri lamination. Ndo habari yote hiyo, hamna uchawi.

Sasa fundi mmoja alisema dawa ni kuingia kwenye printa yenyewe na kuiandikia anwani ya kudumu kwa mkono. Ni nusu ya dawa. Rauta haina taarifa kwamba umefanya hivo, na kama namba uliyochagua iko ndani ya lile fungu ambalo rauta inagawa, siku printa imezimwa rauta inaweza kumpa mtu mwingine namba ile ile, printa ikiwaka mnakuwa wawili kwenye anwani moja na hapo ndo inakuwa mbaya zaidi maana inafanya kazi kwa vipindi. Bora uchague namba nje ya fungu, au ufanye kazi yote upande wa rauta. Upande wa rauta ndo sahihi, unaiambia kifaa chenye MAC hii, ile namba ya kiwandani ya kila kifaa, kipe namba hii siku zote. Kwenye kiboksi cha kampuni sehemu hiyo haikuwepo, ndo nikaenda Mwanjelwa.

Duka nililonunulia sitalitangaza ila jamaa alikuwa muungwana, aliichomeka kwenye umeme mbele yangu, akanionyesha inawaka na boksi lake lina adapta yake. Haikufika laki. Kifaa chenyewe kinaingia mfuko wa koti, kina matundu manne ya waya, na kinakula umeme wa volti 5 kwa kichwa cha Micro-USB, zile chaja za simu za zamani. Hii ya umeme mtu anaweza asiione kama ni kitu, ila huku kwetu ni kitu kikubwa, nitarudi hapo.

Kufunga. Tundu namba 1 linapokea waya kutoka kiboksi cha kampuni, 2 mpaka 4 ni zako. Unaunga kompyuta kwa waya, unafungua brauza unaandika 192.168.88.1, au unatumia programu yao inaitwa WinBox ambayo ina uzuri mmoja sijauona kwenye rauta nyingine za bei hii, inaweza kuingia kwenye rauta kwa MAC hata kama anwani za IP umezivuruga zote. Kuna ukurasa wa Quick Set, hapo unaweka jina la Wi-Fi na paswedi yako, unaweka na paswedi ya kuingilia kwenye rauta, unasevu. Mpaka hapo hata mtoto wa fom two anaweza.

Kitu kimoja kinawasumbua wengi hapa: ukishaweka hii mbele ya kiboksi cha kampuni unakuwa na netiwaki mbili, ya kampuni na ya kwako, na zote zinarusha Wi-Fi. Simu iliyobaki kwenye Wi-Fi ya zamani haitaiona printa iliyo nyuma ya MikroTik, na intaneti itakuwa inapata vizuri tu kwa hiyo mtu hashtuki. Zima Wi-Fi ya kiboksi kama wanakuruhusu. Kama hawakuruhusu, futa ile Wi-Fi ya zamani kwenye vifaa vyako vyote, visiikumbuke tena.

Halafu ndo unaingia kwenye utamu. Unafungua menyu za IP, DHCP Server, Leases, unaona orodha ya kila kilichounganishwa, unachagua printa, unabonyeza Make Static, unaipa namba unayotaka. Mi nimeipa 20. Mashine ya kamera 21. Kompyuta ya kaunta 22. Umeme ukate urudi hata kwa fujo, namba hizo hazigusiki.

Wengine wanaishia hapo na inatosha. Mi sikutaka kuishia hapo kwa sababu namba hazikai kichwani, na siku nikibadilisha rauta au mpangilio sitaki kuzunguka kila kompyuta nikiandika upya. Dawa ni DNS, huduma inayogeuza jina kuwa namba. Kwenye IP, DNS, Static unaongeza jina, nimeandika printa.lan liende 192.168.88.20, kamera.lan liende 21, hivo hivo. Halafu kwenye DHCP Server, Networks unahakikisha DNS inayogawiwa ni rauta yenyewe, 192.168.88.1, na kwenye Domain unaandika lan. Kwenye DNS, Allow Remote Requests iwe imetikiwa. Ukishamaliza vifaa vyote vizime Wi-Fi na kuwasha ili vichukue maelekezo mapya, na kwenye Windows unaweza kuandika ipconfig /flushdns isije ikawa inakumbuka majibu ya zamani.

Baada ya hapo nenda kwenye kompyuta, Printer properties, Ports, uangalie printa imeunganishwaje. Windows ikijitafutia printa yenyewe mara nyingi inaweka kitu kinaitwa WSD, hiyo inategemea kompyuta na printa kuitana zenyewe kwenye netiwaki na ikikwama haikwambii kwa nini. Ongeza Standard TCP/IP Port, pale wanapouliza anwani andika printa.lan badala ya namba. Tangu niweke hivo ile ofulaini ya uongo sijaiona.

Nisahihishe na kitu kingine ninachokiona watu wanafanya, kuipa printa jina linaloishia na .local kwenye DNS ya rauta. Usifanye hivo. Hiyo .local ina mwenyewe, imetengwa tangu 2013 kwa ajili ya mDNS, njia ambayo vifaa vinaulizana vyenyewe kwa vyenyewe bila rauta, ndo inayofanya iPhone ione printa bila kuambiwa kitu. Ukiiweka kwenye DNS ya kawaida vifaa vingine vitauliza rauta, vingine vitapiga kelele netiwaki nzima, majibu yatakuwa ya kubahatisha, na simu nyingi za Android za zamani hata hizo .local hazizielewi. Halafu mDNS haivuki kutoka netiwaki moja kwenda nyingine, kwa hiyo kama una zile netiwaki mbili nilizosema juu ndo kabisa. Jina rasmi la majumbani ni home.arpa, lilitengwa 2018, na 2024 ICANN, wale wanaosimamia majina ya intaneti duniani, wakatenga .internal kwa matumizi ya ndani. Sawa, ni majina safi, lakini nani ataandika printa.home.arpa mteja amesimama? .lan haijatengwa rasmi, ila MikroTik wenyewe wanaitumia, ukiiwasha inakuja tayari na router.lan, nami nimewafuata.

Na ukiandika jina kwenye brauza weka http:// mbele, la sivyo brauza itadhani unatafuta na kukupeleka Google ikuletee bei za printa.

Sasa kwenye yale ya kuumiza kichwa. Umeweka kila kitu, kompyuta zako zinaitikia, halafu anakuja mwanachuo na laptop yake.

"Dada, natuma haitoki."

"Umeandika printa.lan?"

"Ndio dada, inasema haipo."

"Mdogo wangu, hiyo laptop umeiwekea DNS gani?"

"Aah, kuna mshkaji hosteli aliniwekea nane nne, alisema inaongeza speed."

Hapo ndo penyewe. Nane nne ni 8.8.8.8, DNS ya Google, na ni nzuri tu kwa tovuti za duniani, lakini ukiiuliza printa.lan ya Iyunga itajua wapi? Laptop haijauliza rauta yangu, imeruka ikaenda kuuliza nje, ikajibiwa haipo, na jibu ni la kweli kabisa kwa upande wa Google. Kwenye simu za Android ni kile kipengele cha DNS praiveti, kilianza na Android 9. Kikiwa otomatiki hakina neno, ila mtu akiwa ameandika jina la seva fulani, mara nyingi ili kuzuia matangazo, simu haiulizi rauta kabisa. Na Chrome nayo ina DNS salama yake ndani, ukichagua mtoa huduma kwa mkono inafanya yale yale, kwa hiyo unaweza kukuta ping, ile amri ya kuuliza kama kifaa kipo, inaitikia na brauza inakataa kwenye kompyuta moja. Mwe! Hiyo inaweza kukuzeesha.

Namna yangu ya kupima saivi ni fupi. Napiga ping 192.168.88.20. Isipoitika tatizo ni la waya, au Wi-Fi, au mtu yuko netiwaki nyingine, majina hayahusiki kabisa hapo. Ikiitika napiga ping printa.lan. Namba inaitika na jina linagoma, basi ni DNS, naandika nslookup printa.lan na kusoma mstari wa juu kabisa, unaonyesha nani kajibu. Ikiwa 192.168.88.1 basi jina nimekosea kuandika kwenye rauta, ikiwa namba nyingine yoyote huyo mtu kaweka DNS yake. Dakika haiishi umeshajua. Kuna wanaoweka sheria kwenye MikroTik ya kukamata maswali yote ya DNS ya mlango 53 na kuyarudisha kwa rauta, inawezekana na inafanya kazi kwa nane nne, ila ile DNS praiveti ya kwenye simu kwa kawaida inapita mlango 853 kwa usimbaji, haikamatiki hivo. Mi sijaweka. Laptop ya mtu ni ya mtu, namwambia arudishe otomatiki, anayekataa atume WhatsApp.

Kuhusu usalama, hapa sina utani. Ile Allow Remote Requests inaifanya rauta ijibu maswali ya DNS ya yeyote anayeifikia, kinachozuia watu wa nje ni zile sheria za faya wol zinazokuja nayo kutoka kiwandani. Kuna mafundi wana mtindo wa kuifuta yote na kuanza na ukurasa mtupu wakidhani ndo ufundi, wanaandika sheria ya intaneti ipite, wanaondoka. Umeachiwa mlango wazi. Mwambie fundi wako asifute. Halafu apdeti RouterOS, programu inayoendesha hii rauta, kabla ya kitu kingine chochote, hasa ukinunua iliyotumika, kwa sababu 2018 kulikuwa na tundu kwenye WinBox lililowafanya watu duniani wasome paswedi za rauta ambazo hazijaapdetiwa. Marekebisho yalitoka mwaka ule ule, ila rauta iliyokaa stoo tangu enzi hizo haijui kama yalitoka. Angalizo moja, hifadhi ya ndani ni megabaiti 16 tu, kwa hiyo usijaze mafaili humo, apdeti zinahitaji nafasi.

Nirudi kwenye umeme. Volti 5 maana yake pawabenki inaiendesha. Ninayo imekaa katikati ya chaja na rauta, tafuta ile inayokubali kuchajiwa huku inatoa, sio zote zinakubali, nyingine zinakata sekunde moja umeme ukibadilika na hiyo sekunde inatosha kuizima rauta. Hapa wauzaji wa pawabenki wanaahidi mbingu, jaribu dukani. Faida yake ni kwamba kompyuta na laptop zenye chaji zinaendelea kuonana, folda ya mafaili iliyosheadiwa inafunguka, mashine ya kamera ukiwa na UPS inaonekana. Intaneti haitakuwepo kama kiboksi cha kampuni kimezima, vingi hutaka volti 12, na printa ya leza usiiwazie pawabenki. Na wakati wa radi chomoa waya wa kutoka nje, pawabenki haizuii radi.

Wi-Fi yake nisiseme vibaya sana. Kuta za huku ni tofali za kuchoma, nene, na 2.4GHz inapenya kuta kuliko 5GHz, kwa hiyo chumba cha nyuma ninapobaindia inafika. Tabu ni msongamano, huku karibu na hosteli kila dirisha lina Wi-Fi yake, chagua chaneli 1, 6 au 11 ile yenye nafuu, usiiache ijichagulie. Printa na kompyuta ya kaunta nimezipiga waya, na hiyo ndo nakushauri na wewe, kitu kisichotembea kipige waya.

Ambalo ningependa iwe nalo ni majina yajiandike yenyewe. Kifaa kikiomba anwani huwa kinataja na jina lake, lakini MikroTik yangu haibebi jina hilo kulipeleka kwenye DNS bila wewe kuandika skripti. Rauta zenye OpenWrt zinafanya hilo zenyewe, zinatumia dnsmasq ambayo inagawa anwani na kujibu majina kwa pamoja, na zinamalizia na .lan pia. OpenWrt ni programu ya bure, ilianzia kwenye Linksys WRT54G mwaka 2004 na leo inakubali rauta nyingi, ila lazima uangalie modeli na vashoni kamili kabla ya kununua, na ukikosea kuiweka unaweza kuua kifaa. Kwa mwenye vifaa vingi vinavyoingia na kutoka ningemwambia aende huko. Kwa vifaa vitano sita vilivyokaa, kuandika majina kwa mkono ni kazi ya kikombe kimoja cha chai.

Nyumbani kwa matumizi ya muvi na TikTok usinunue hii, chukua yenye 5GHz na matundu ya gigabiti, utanilaumu bure. Kwa steshenari, kliniki ndogo, ofisi ya wakili, duka lenye mashine ya kamera na printa moja inayogombewa na watu wanne, naipa nne kwa tano, ile moja nimeikata kwa menyu zake, zinatisha mtu mgeni na hamna Kiswahili humo ndani. Ukienda Mwanjelwa omba RB941-2nD, ndo namba ya modeli ya hAP lite, angalia adapta iwe ya kwake, na kabla hujalipa mwambie aiwashe.